Mashine Isiyopenda Tambarare

Usangu, Mbeya
15 Agosti 1976

Kwa binti wa marehemu kaka yangu, Mbuke,

Mwangaluka. Tuko wazima, tunakula, tunalala. Anayeandika hapa ni mama yako mdogo Roza, aliyehitimu kisomo cha watu wazima mwezi wa sita na sasa anatembea kama karani wa wilaya. Maneno ni yangu, mwandiko ni wake, makosa yote ni yake.

Mdogo wako Seni ameota meno mawili na ameshaniuma kidole. Songambele, lile dume la marehemu baba yako, amezeeka kabisa. Hatangulii tena mbele ya kundi, anabaki zizini anatafuna kama mzee aliyestaafu. Mvua bado.

Sasa neno lenyewe. Mashine ya maji ya kijiji imegoma tangu mwisho wa Julai. Unajua kwamba mimi ndiye mlinzi wake, na kwamba tunaikokota na ng'ombe juu ya gogo la panda, lililogawanyika kama manati, kutoka shamba hadi shamba. Basi ajabu yake ni hii: pale zizini kwetu, kwenye mteremko, ukivuta kamba inaguruma. Ukiifikisha kwenye majaruba ya mpunga, tambarare, inakohoa mara moja na kufa. Nimeipiga teke, nimeibembeleza, nimeipaka samli kila kiungo kama mtoto mchanga. Imekaa tu.

Bwana Fanueli wa idara ya maji atapokelewa mkutanoni tarehe 19 Novemba, na tarehe 20 ataikagua mashine. Amesema isipowaka mbele ya macho yake, shambani, itahamia kijiji cha jirani kwa Jailos. Jailos! Mtu anayevaa saa iliyosimama tangu tupate uhuru.

Kitabu cha mashine, kile cha Kizungu, kimepotea. Nadhani mbuzi amekila. Si hasara, hakuna aliyekielewa, na wewe ndiye shahidi wa kwanza. Lakini waulize hao walimu wako. Tunataka kuona kama Kizungu chako kinaweza kunywesha hata mche mmoja wa mpunga.

Baba yako mdogo,
Masunga


Shule ya Wasichana, Iringa
4 Septemba 1976

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo, shikamoo na wewe, na hongera kwa mwandiko. Nimeusoma bila taabu, tofauti na maneno yaliyomo.

Mimi mzima. Huku baridi inatung'ata mpaka masikioni. Jumapili tunatembea kwa mstari hadi Kihesa kanisani, wasichana wanaimba njia nzima, mimi nafungua mdomo tu ili mwalimu wa zamu asinione.

Nimemwuliza mwalimu wetu wa fizikia. Amesema kupiga teke hakumo katika njia za kuwasha injini, wala samli haimo. Mashine iliyogoma huwashwa kwa kupunguziwa kitu kimoja kimoja. Ukiondoa kitu na ikawaka, ujue ulichokiondoa ndicho kigonjwa. Isipowaka, kirudishe kwanza, ndipo uondoe kingine. Usiondoe viwili kwa pamoja, maana hutajua ni kipi. Najua utataka kuondoa vyote siku ya kwanza, kwa hiyo narudia: kimoja kimoja.

Kwanza, iwashe bila mzigo. Toa ule mkanda unaozungusha pampu, injini ibaki peke yake.

Pili, iwashe bila tangi. Chupa safi ya petroli, uiinue juu, mpira uingie moja kwa moja kwenye kabureta.

Tatu, iwashe bila chujio la hewa. Ukikuta limejaa samli utajua wa kumlaumu.

Nne, iwashe bila waya wa kuzimia. Ubavuni kuna skrubu ndogo iliyochomoza kama chuchu ya mbuzi. Waya mwembamba uliofungwa hapo ndio unaozima mashine, kwa kuupeleka umeme kwenye chuma badala ya kwenye plagi. Uchomoe, kisha vuta.

Ukimaliza uniandikie kila njia ilijibu nini. Usiniandikie kwamba imekaa tu.

Mbuke


Usangu
26 Septemba 1976

Binti Mbuke,

Barua imefika ikiwa imefunguliwa na kugandishwa upya kwa ugali, hivyo ofisi nzima ya kijiji inajua kwamba mimi ni mpiga mateke. Ahsante.

Tuko wazima isipokuwa Roza, kichwa kinamuuma kwa sababu ya kuandika.

Nimefanya njia zako zote nne. Bila mkanda: kimya. Bila tangi: kimya, na chupa ikanimwagikia, nikanuka siku mbili, mbwa hawakunitambua. Bila chujio: kimya. Bila waya: kimya. Hiyo ni tambarare. Tukairudisha zizini na vitu vyake vyote, hata samli, ikawaka kwa mvuto mmoja na kunicheka.

Kwa hiyo mwambie mwalimu wako wa fizikia kwamba mashine yetu haina kitu kigonjwa. Ina tabia. Inapenda nyumbani. Mimi naijua kuliko yeye, kwa sababu yeye ameiona kwenye ubao na mimi nalala nayo jirani.

Kitalu cha mpunga tumekimwagilia kwa ndoo. Wanawake wamenikasirikia. Jana Jailos alipita, akasimama kwenye tuta, akauliza kama mashine inaendelea vizuri na mapumziko.

Masunga

Mimi Roza naongeza. Haonyeshi, lakini hali vizuri. Anasema wakiichukua mashine atarudi kuitwa tu mdogo wake marehemu Mihayo, baba yako. Jitahidi mwanangu.


Iringa
9 Oktoba 1976

Baba mdogo,

Shikamoo. Namshukuru Mungu ni mzima. Tumeanza mitihani ya majaribio, na katika Kiingereza nimepata alama ya juu kuliko wote darasani. Mwalimu alitaka nisome insha yangu mbele. Nilimwambia naumwa koo.

Mashine haina tabia, Baba mdogo. Ng'ombe ana tabia. Mashine ina sababu, na kama huioni sababu, hilo ni la macho yako.

Nimeirudia ile njia ya nne, kwa sababu ndiyo pekee inayogusa umeme. Kukohoa mara moja na kufa ni dalili ya umeme kukatika, si ya petroli. Kwenye kitabu cha mwalimu kuna picha ya injini imekatwa ubavuni, na mshale unaonyesha ile skrubu. Chini ya mshale kuna onyo, lakini maneno yake yamefunikwa na doa la samli, siwezi kuyasoma. Nitajaribu tena.

Halafu fikiria hili: zizini mashine inalala upande, shambani inakaa wima. Je, kitu gani kinasogea mashine ikilala upande?

Jibu haraka. Zimebaki wiki sita.

Mbuke


Usangu
23 Oktoba 1976

Mbuke,

Salamu baadaye.

Mwalimu wako wa fizikia huko Iringa ana kitabu chenye doa la samli. Hongera zake. Mtu wa mjini, ana samli ya Usangu juu ya picha ya injini. Labda naye anafuga? Labda anatembelea zizi langu nikiwa nimelala?

Nimempiga mbuzi wa watu bure.

Umeiba kitabu cha kijiji, ukakitia kwenye sanduku lako la bati, ukapanda basi nacho, na miezi miwili unanifundisha kwa sauti ya mwalimu asiyekuwepo. Na mimi nimekaa hapa nainua chupa ya petroli juu kama padri.

Kitu gani kinasogea? Akili yako.

Masunga

Mimi Roza. Alisema niishie hapo. Lakini nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanangu, kwa nini?


Iringa
1 Novemba 1976

Baba mdogo, shikamoo. Mama mdogo, shikamoo.

Ni kweli, ninacho kitabu. Ninaandika nikiwa nimekilalia kama mto.

Mama mdogo ameuliza kwa nini. Nikiwa mbele zenu sauti hainitoki, mnajua, toka utotoni. Karatasi hainiangalii, ndiyo maana naweza.

Mwezi wa sita, kwenye mkutano, Bwana Fanueli aliuliza nani atasoma kitabu hiki na kukifasiri. Baba mdogo, ulinivuta mkono kutoka nyuma nilikojificha na kusema, "Tuna msomi hapa! Simama, usome!" Nilisimama. Niliyaona maneno yote. Niliyaelewa yote, hata yale magumu. Mdomo ukafungwa. Watu wakaanza kucheka taratibu. Wewe ndiye uliyecheka kwa sauti kuliko wote, ukasema, "Kumbe tumesomesha bubu."

Siku ya safari nilikikuta kitabu juu ya debe la samli. Nikakichukua. Nilisema moyoni: hawataki kusomewa, basi wasisomewe. Ukiniuliza kama nilijuta, sikujuta hata kidogo mpaka barua yako ya Septemba. Niliposoma kwamba wanawake wanabeba ndoo, nilijuta kwa ajili yao. Kwa ajili yako bado nilikuwa najikaza.

Sasa la mashine. Lile doa nimelinyunyizia vumbi la chaki siku tatu, nikalifuta polepole kwa kitambaa, maneno yamejitokeza. Yanasema hivi: hakikisha kwamba hakuna kitu chochote cha chuma kinachogusa skrubu hii na mwili wa injini kwa wakati mmoja, hata kama waya wa kuzimia umekwisha kuondolewa.

Yaani kuna kitu kingine pale. Naomba usimame mbele ya mashine uniandikie kila kilichomo juu yake, kuanzia kamba mpaka gogo, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake. Usiache hata msumari.

Mbuke


Usangu
9 Novemba 1976

Mbuke,

Umekaa mno na wageni. Mtu wa kwetu hasimami kuhesabu ng'ombe wake kwa sauti ili wengine wasikie, wala haandiki idadi yao kwenye karatasi inayofunguliwa ofisini. Mali inayohesabiwa hadharani inapungua. Baba yako alikufa bila karani yeyote kujua ana ng'ombe wangapi. Mashine nayo sitaihesabu.

Kwenye mashine kuna vitu vya mashine. Kwenye skrubu hakuna kitu. Basi.

La mkutano wa mwezi wa sita silikumbuki.

Masunga

Mimi Roza, naandika haya amekwenda mtoni, na barua naipeleka mwenyewe kwa kondakta ili isipitie ofisini. Kitu kipo. Mwisho wa Julai Songambele aliposhindwa kutangulia kundi, baba yako mdogo alimvua kengele yake, ile ya chuma aliyoifunga baba yako mwenyewe. Akaitundika kwenye mashine kwa waya wa seng'enge, kwenye kile kijichuma ubavuni kilichochomoza. Juu yake anafunika gunia ili watu wasione. Kila siku anaifuta. Mimi nikadhani siyo kitu cha mashine, kwa hiyo sikutaja. Anakumbuka mkutano ule.


SIMU YA MAANDISHI
Kutoka Iringa, 17 Novemba 1976
Kwa Masunga, Ofisi ya Kijiji, kupitia Posta ya Chimala

BABA MDOGO VUA KENGELE YA SONGAMBELE KWENYE MASHINE MBUKE


Usangu
22 Novemba 1976

Mbuke,

Tuko wazima. Seni ana jino la tatu.

Simu yako ilifika Ijumaa, mkutano ukiwa umekusanyika kumpokea Bwana Fanueli. Sedekia, karani wa kijiji, hajawahi kupokea simu maishani mwake. Alipanda juu ya kiti. Alisafisha koo. Aliisoma mara ya kwanza, akageuka upande wa pili akaisoma tena, kwa ajili ya waliokaa nyuma. Bwana Fanueli akaniuliza, "Mzee, kengele gani?" Nikamjibu kwamba binti yetu amechanganywa na masomo. Watu wakacheka, na nilifurahi kwamba walikucheka wewe.

Jumamosi asubuhi ningeweza kuivua kimya kimya kabla hawajaja. Sikuivua. Usiniulize kwa nini, au niulize, kwa kuwa Roza ameshashika kalamu. Tulitoka Maswa hadi hapa kwa miguu, miezi miwili na nusu, tukiufuata mlio ule. Kaka yangu mbele na Songambele, mimi nyuma kwenye vumbi. Nilikuwa siwaoni, nasikia kengele tu, najua njia ipo. Sasa kaka hayupo na dume limechoka. Kilichobaki cha kutangulia mashamba yetu ni mashine. Nani aivue kengele kwa sababu ya karatasi ya posta?

Basi tukafika tambarare. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta. Ikakohoa, ikafa. Mara ya tatu mkono ukaniuma. Bwana Fanueli akatoa kalamu. Jailos alikuwa ameshakuja na kamba zake za kufungia mzigo.

Nikaona kalamu ile inagusa karatasi.

Nikalivua gunia mwenyewe. Jailos akasema, "Mzee Masunga, na maziwa inatoa?" Hujawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walishikana. Mwenyekiti alijifanya anakohoa. Nilikata ule waya kwa meno ya koleo, kengele ikaniangukia mkononi, na wote wananitazama, na mdomo wangu ukafungwa. Nilitaka kusema ni ya kaka yangu. Haikutoka.

Nikavuta kamba mara moja. Iliguruma. Maji yakatoka yakamlowesha Jailos viatu, na hilo ndilo jema pekee la siku ile. Bwana Fanueli ameandika kwamba mashine inabaki.

Sasa nakuuliza jambo moja. Mama yako mdogo alikuandikia kwa mkono wa kondakta. Ungeweza kumjibu kwa njia ile ile, kimya. Kwa nini simu?

Masunga


Iringa
29 Novemba 1976

Baba mdogo, shikamoo.

Nimefurahi kwamba imebaki. Nimefurahi kweli. Zizini, kwenye mteremko, kengele ilining'inia mbali na chuma; tambarare ilikuwa inaegemea ubavu wa injini na kuukata umeme.

Kwa nini simu? Nilisimama posta nikiwa na bahasha ya kumjibu mama mdogo mkononi, imeshaandikwa, imeshafungwa, na basi lilikuwa linaondoka mchana ule ule. Nikaichana. Nilijua simu ikifika ofisi ya kijiji itasomwa kwa sauti. Nilijua tarehe ya mkutano. Nilitaka usimame mbele ya watu wakikucheka na usiwe na la kusema, na nilijua Sedekia ataisoma zaidi ya mara moja.

Nilikuwa nakudharau, Baba mdogo. Nilikudharau kwa samli, kwa mateke, kwa kutokujua kusoma na kujifanya kwamba unadharau kusoma. Niliona raha kukuandikia kwa sauti ya mwalimu.

Lakini sikujua habari za safari ya kutoka Maswa. Nilikuwa mdogo, nilibebwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wewe ulikuwa nyuma na ulikuwa humwoni baba.

Sasa nimejua, na barua yako nimeshindwa kuirudisha kwenye bahasha. Kitabu nitakirudisha mwenyewe tarehe kumi na nane Desemba. Nimekifasiri chote kwa Kiswahili kwenye daftari, pamoja na onyo la chini ya mshale. Daftari unaweza kumpa Sedekia asome, maana mimi unanijua.

Mbuke


Usangu
9 Desemba 1976

Mbuke,

Mvua imeanza. Mpunga umesimama.

Kuhusu dharau, tusidaiane, hata mimi nilikuwa nayo ya kutosha, na nyingine bado ninayo. Mtu anayelalia kitabu cha injini badala ya kukisoma kwa sauti siwezi kumheshimu mzima mzima.

Kengele nimeifunga kwenye gogo, nyuma, kwa ukanda wa ngozi. Roza anasema umesema ngozi haipitishi umeme. Hukusema, alijitungia, lakini inafanya kazi. Mashine inawaka tambarare, inawaka mteremkoni, hata juu ya tuta la Jailos ingewaka.

Daftari simpi Sedekia. Ameshasoma vya kutosha mwaka huu. Mkutano ni tarehe ishirini, na nimemwambia mwenyekiti kwamba binti wa Mihayo ndiye atakayekisoma kitabu. Usianze kulia, karatasi italowa.

Mimi nitakaa nyuma kabisa, kule ulikokuwa unajificha. Kengele nitaishika mkononi. Mdomo ukikufunga, nitaitikisa kwa nguvu, na watu wote watageuka kumcheka mzee aliyeivika injini kengele. Wakiwa wamegeuka huku kwangu, wewe vuta pumzi, uanze.

Masunga